Rangi ya kucha kwenye bolti ya difu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, katika ukurasa huu wa barua, msomaji mwenzangu alitugombeza sisi wenye pikapu za zamani tunaofanya ufundi uani. Alisema gari ni mgonjwa, na mgonjwa hapasuliwi chini ya mwembe. Barua ile niliisoma mara mbili, nikaikata, nikaibandika kwenye kaunta buku langu la gari, maana siku hiyo hiyo mikono yangu ilikuwa bado inanuka oili ya difu, lile tumbo la gia lililo kati ya magurudumu. Nilikuwa nimeisugua kwa sabuni ya mche, kwa majivu, kwa ndimu, na harufu ikabaki pale pale. Anayeijua ataelewa: ni kiberiti na yai viza. Mjukuu wangu alikataa nimpakulie wali.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha hisabati na sayansi miaka 34, mingi ya hiyo hapa hapa bonde la Kilombero. Kiinua mgongo kilipotoka, wenzangu walijenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilinunua Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, difu mbili, ya mbele na ya nyuma, yenye bodi iliyopigwa rangi mara nyingi kuliko ukuta wa darasa. Inabeba mpunga kutoka Lupiro na vijiji vya mbele yake, inavuka daraja, inashusha mashineni Ifakara. Anayeendesha ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, kijana mwangalifu mwenye kasoro moja: anamwamini kila mtu aliyeshika spana.

Msomaji yule nampa haki yake kwa mengi. Injini siifungui. Breki siigusi. Pampu ya dizeli naiogopa kama nyoka. Lakini oili ya difu ni bolti mbili, beseni na uvumilivu, na kilichonipeleka uvunguni si ubahili wala ubishi kama alivyodhani. Kazi hiyo niliilipia, ikafanyika kwenye karatasi.

Ilikuwa hivi. Masika yaliyopita gari lilivuka maji mara kadhaa, siku moja maji yakiwa yamefika katikati ya ringi za nyuma, na magunia 10 ya mpunga juu. Msimu ulipokwisha nikasema sasa lifanyiwe sevisi kamili. Likapelekwa gereji moja ya hapa mjini, siitaji. Niliandikiwa oili ya injini, filta, grisi na oili ya difu ya nyuma. Hiyo ya mwisho peke yake, pamoja na ufundi, shilingi elfu 85.

Sasa, mimi nimesahihisha madaftari ya watoto wanaonakiliana kwa miaka 34. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Nikachora kimstari kwenye kila bolti ya difu, nusu yake juu ya kichwa cha bolti, nusu yake juu ya chuma cha difu. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Nikapiga picha. Sikumwambia mtu, hata dereva.

Gari lilirudi jioni limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Risiti ipo, muhuri upo. Nikasubiri watu wakae kwenye taarifa ya habari, nikashuka tena na tochi. Mistari yangu yote miwili ilikuwa mizima, imenyooka kama nilivyoiacha. Walichofanya ni kupangusa difu kwa kitambaa chenye dizeli ili ionekane imeguswa, na kwa kuwa walipangusa kivivu, rangi haikutoka hata chembe.

Sikulala vizuri. Elfu 85 inauma, lakini kilichoniweka macho ni hesabu ya kurudi nyuma: gari hili ninalo mwaka wa sita, na karibu kila mwaka nimelipia difu.

Na nikiwaza hivyo niliona kwa nini ni difu na si kitu kingine. Injini ina kijiti cha kupimia oili, ina taa nyekundu kwenye dashibodi, ikikosewa inapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Difu haina kijiti, haina taa, na haiunguzi oili ukaiona ikipungua. Inakaa kule nyuma gizani kama mwanafunzi mkimya wa dawati la mwisho, na mwanafunzi wa namna hiyo ndiye anayefika darasa la saba hajui kusoma, kila mwalimu akiapa kwamba alimfundisha.

Wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, waliniuliza difu hasa ni nini mpaka nijichafue hivi. Niliwaambia wakumbuke gwaride. Mstari wa watoto wanne, bega kwa bega, unakata kona: mtoto wa ndani anapiga mguu karibu pale pale, wa nje anatanua hatua nusura akimbie, la sivyo mstari unavunjika. Magurudumu mawili ya nyuma nayo kwenye kona yapo hivyo hivyo, moja lina safari ndefu kuliko jingine, na difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane mwendo huku yote yakisukumwa na injini ile ile. Ndani yake kuna gia kubwa kama sahani, krauni, na gia ndogo inayoizungusha, pinioni. Kwenye pikapu kama yangu pinioni haikulenga katikati ya krauni, imeshushwa chini kidogo. Kwa ajili hiyo meno hayaviringiki tu, yanatelezana pia, chuma kwa chuma, huku yamebebeshwa karibu tani nzima na wakati mwingine mlima wa Mahenge juu yake. Oili ya kawaida inakamuliwa pale katikati ya meno ikaisha. Oili ya difu imetiwa dawa zenye salfa na fosforasi zinazoacha utando juu ya chuma, na salfa hiyo ndiyo iliyomkimbiza mjukuu wangu mezani.

Kwa hiyo dukani usiseme tu nipe oili ya difu. Geuza kopo usome ubavuni daraja la oili: GL-5. Unene ni namba 90, siku hizi imeandikwa 80W-90. Mwenye gari la difu ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake, atafute oili yake maalumu, yangu si ya aina hiyo. Na kilichobaki kwenye kopo usikimimine kwenye gia boksi kwa sababu tu umeona ni oili nzito nzito. Gia boksi nyingi zina ringi za shaba ndani, na dawa ya GL-5 inaweza kuzila. Soma kwanza kitabu cha gari kinataka nini.

Muuzaji wa kwanza alinisukumia namba 140.

"Chukua hii, Mama, ni nzito. Difu hata ikilia hutaisikia."

Nikamjibu muuzaji: mwanangu, mimi nataka kuisikia. Ni hila ile ile ya zamani ya wauza magari wanaotia vumbi la mbao ndani ya difu iliyochoka ili inyamaze mpaka mnunuzi avuke wilaya. Namba 140 ina mahali pake, na kama kitabu cha gari lako kinaitaja basi tia, lakini isitiwe kwa kazi ya kuziba mdomo. Niliondoka pale, nikanunua kwa mwingine, makopo yenye kizibo ambacho hakijaguswa. Na nikiyamaliza nayatoboa kwa msumari kabla ya kuyatupa. Kopo zima la oili likitupwa jalalani halikai, linaokotwa, na Mungu ndiye anayejua litajazwa nini.

Jumamosi tukaanza. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, mzee asiyependa kurudia neno, alisimama kwenye uzio na kikombe chake cha chai.

"Mwalimu, fungua ya juu kwanza. Ya juu ikikataa, acha."

Hakuongeza kitu. Difu ina bolti mbili: ya juu, iliyo nyuma ya tumbo lake, ndiyo ya kujazia, ya chini kabisa ndiyo ya kumwagia. Mwenye haraka anafungua ya chini, oili yote inamwagika, anajipongeza, kisha anaipandia ya juu na kuikuta imeshikana na kutu ya miaka 20. Hapo ana difu kavu, hawezi kujaza, na gari haliwezi kwenda kwa fundi kwa miguu yake lenyewe.

Maneno ya mzee yaliniokoa ndani ya robo saa. Bolti zile ni za spana namba 24, na kwenye boksi letu iliishia 22. Mwanangu akaleta ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika kwenye gazeti linaloingia majumbani. Akaibana, akavuta, ikateleza. Akabana tena, ikateleza tena. Niliposhika bolti kwa kidole, pembe zake sita zilikuwa zimegeuka duara. Bolti ya juu hiyo, na ya chini bado imefungwa, kwa hiyo tulikuwa bado tuna gari. Tukaliwasha, tukaenda nalo kwa fundi wa kuchomelea. Akatoa nyaya za betri kwanza, jambo lililonifurahisha, akachomelea nati kubwa juu ya kile kichwa kilicholika, akangoja kidogo, akavuta. Ikalia kama mlango wa stoo ya shule, ikatoka. Nilinunua bolti nyingine kwenye spea za mtumba, washa mpya mbili, zile pete za kuzibia chini ya bolti, na soketi ya 24 yenye pembe sita pamoja na mpini wake mrefu. Kwa sehemu hii msomaji aliyetugombeza anaweza kucheka, ana haki.

Jumamosi iliyofuata tulirudi tukiwa na adabu. Uwanja wangu una mwinuko usioonekana kwa macho, nikaazima pimamaji kwa fundi mwashi na kuiweka juu ya bodi mpaka tukapata mahali sawa. Gia ya kwanza, hendibreki, mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi. Jeki hatukuigusa. Hilux iko juu vya kutosha mtu mwenye mwili wangu kuingia akilalia gunia, na ukiinua nyuma peke yake difu inainama, kipimo chako kinakuwa uongo. Anayelazimika kuinua asitie kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota spana iliyodondoka. Jeki inainua, stendi ndizo zinazoshika.

Kabla ya hapo gari lilikwenda mpaka darajani na kurudi, ili oili ipate vuguvugu. Ikiwa baridi inatoka kama asali ya mwisho wa chupa na kuacha uchafu wote chini.

Nikafungua ya juu. Nikafungua ya chini, nusu ya mwisho kwa vidole, mkono pembeni.

Nilitarajia nyeusi. Ikatoka chai ya maziwa, Mhariri. Rangi ile ile ya chai ya kwenye harusi, na povu jepesi juu yake, ikateremka kwenye beseni polepole na kujikunja mikunjo. Mwanangu akasema ah! kisha akanyamaza, maana yeye ndiye aliyekuwa anaendesha siku ile ya maji, na yeye ndiye aliyeniletea risiti. Oili ikiwa rangi hiyo ina maana moja tu, maji yameingia na yamepigwa yakachanganyika. Gari limekuwa likitembea hivyo tangu masika, na ile gereji imeandika kwamba iliibadilisha.

Bolti ya chini ina sumaku ndogo kwenye ncha. Ilikuwa imevaa kofia ya tope la kijivu. Nililisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama ninavyopima unga: laini kama wanja, halikwaruzi. Hilo ni la kawaida, ni meno yanayolika polepole kama ya kwetu. Ndani yake nikapata kipande kimoja chembamba, kinang'aa, kama kipande cha ukucha. Nimekibandika kwa selotepu kwenye kaunta buku pamoja na tarehe na kilomita. Kimoja sina wasiwasi nacho sana. Vikiwa vingi safari ijayo nitajua beringi au meno yameanza kubanduka, na hapo nitamwita fundi bila aibu. Ningekuta kipande cha jino zima, gari lisingetoka uani.

Nilikaa muda kwenye gunia nikitafuta maji yamepita wapi, maana difu haina dirisha. Jibu nilikuwa nimelifundisha mwenyewe darasani miaka yote ile. Chukua chupa ya plastiki, isuuze kwa maji ya moto sana, yamwage, funga kizibo haraka, kisha iweke kwenye maji baridi. Chupa inajikunyata yenyewe, krak, na darasa zima linapiga kelele. Hewa ya ndani imepoa, imesinyaa, inataka kuvuta kitu cha kujaza nafasi. Difu iliyotoka Lupiro na mzigo imepata moto, mkono hauvumilii kuishika. Ukiiingiza ghafla kwenye maji ya mafuriko, nayo inavuta. Waliolitengeneza gari walilijua hilo, wakaweka kipumulio juu ya ekseli, kijitundu chenye kofia ndogo, wengine wanakiita briza, ili difu ipumue hewa. Changu kilikuwa kimezibwa na udongo mweusi wa mbugani ukakauka kama saruji. Basi difu ikavutia penye udhaifu, kwenye oili sili zilizozeeka, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, na kilichokuwa nje ya sili siku hiyo ni maji.

Kipumulio kikiziba kina kosa la pili pia: difu ikipata moto hewa inapanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili za pembeni mpaka inaingia kwenye dramu za breki. Nimeona watu wanabadilisha sili mara tatu kwa mwaka, wanamlaumu mwenye duka la spea, na kumbe ni kijitundu cha ukubwa wa kalamu. Changu tulikizibua kwa waya na petroli, tukakiunganisha na mpira mwembamba uliofungwa juu kabisa, kwenye fremu nyuma ya kebini. Kazi ya nusu saa. Kama una pikapu na unavuka maji, na huna nia kabisa ya kubadilisha oili mwenyewe, angalau fanya hili.

Mwanangu alitaka tusuuze difu kwa dizeli. Nikakataa. Dizeli haitoki yote, inabaki kwenye pembe na kuipunguza nguvu oili mpya. Tulichofanya ni kujaza oili nzuri, kutembea kilomita kama 15, na kuimwaga tena. Ilitoka na weupe kidogo, kama maji ya mchele. Tukajaza ya pili. Ni gharama mara mbili, nilinung'unika, lakini maji na beringi havikai nyumba moja.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu tundu liko ubavuni na kopo halielekei. Wengine wanatumia bomba kubwa la sindano, la mifugo. Sisi tuliyaweka makopo juu ya bati mpaka yakapata moto, na hii ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwenye jua la Ifakara. Kisha mpira wa nusu inchi, ncha moja ndani ya tundu, nyingine kwenye faneli aliyoishika mwanangu akiwa amesimama ndani ya bodi. Oili ikateremka yenyewe. Mimi chini na kikombe. Iliingia lita mbili na kidogo, ikaanza kuchungulia mdomo wa tundu, ikadondoka, tone, tone, ikaacha. Nikaingiza kidole, nikakikunja kuelekea chini, nikaigusa hapo hapo. Ni kwa sababu hiyo nilihangaika na pimamaji, kwani tundu lenyewe ndilo kipimo, hakuna kingine. Kujaza kupita hapo si wema, oili ya ziada inatafuta pa kutokea.

Washa mpya, bolti kwa mkono kwanza, kisha soketi. Hatukutia paipu kwenye mpini wa soketi. Anayekaza kwa paipu anamwandalia mwenzake wa mwaka kesho ile kazi ya kuchomelea. Nikapangusa, nikasubiri, nikachora mistari yangu upya, safari hii kwa rangi ya zambarau kwa sababu nyekundu binti yangu aliificha.

Difu ya mbele tuliifungua siku iliyofuata. Ilikuwa safi, na sina la kuisimulia.

Nikijumlisha yote, oili ya mara mbili, soketi, bolti, washa, fundi wa kuchomelea na soda zake, nilitumia zaidi ya ile elfu 85. Sifichi. Ila safari hii oili imo ndani. Soketi itabaki, mara ya pili ni bei ya oili tu.

Jambo jingine linalonikera ni oili chafu. Gereji nyingi ardhi yake imekuwa nyeusi mpaka kuku hawachakuri, na masika yakija hiyo yote inashuka kwenye mifereji. Mifereji ya huku kwetu inaishia kwenye majaruba ya mpunga. Yangu niliitia kwenye dumu lenye mfuniko, lita zaidi ya nne na ile ya maziwa. Kuna aliyeniomba apake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, nikampa baada ya kuhakikisha uzio hauko karibu na kisima. Sina hakika nilifanya sawa sawa. Halmashauri ingeweka pipa moja tu sokoni la kukusanyia, mtu akajua pa kupeleka, ningelala vizuri zaidi.

Mafundi wakweli wapo na ninawajua, yule wa kuchomelea ni mmoja wao. Kwa hao ninaomba kitu kidogo kupitia gazeti lako: mfungulieni mwenye gari bolti mbele ya macho yake, mwonyesheni beseni, mpeni washa ya zamani mkononi. Haiongezi hata dakika mbili. Na wewe mwenye gari, kama huna umri wala mgongo wa kulala kwenye gunia, nenda ukakae pale pale, na chai yako, kama jirani yangu. Fundi akikuambia ni hatari kwa mteja kusimama karibu na difu, rangi ya kucha haina bei kubwa.

Kuhusu ile gereji. Nilirudi na simu yangu, picha ya kabla na picha ya baada. Mwenyewe ni kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Akaziangalia.

"Mama, rangi si ushahidi."

"Basi twende tukaifungue pamoja sasa hivi," nikamwambia, "tuone uliweka oili gani."

Akamtazama kijana wake. Kijana akatazama chini. Halafu bosi akaniamkia upya, shikamoo Mwalimu, kama vile ndiyo kwanza ninaingia, na alikuwa ameniamkia nilipofika. Nikaitikia marahaba mara ya pili. Amerudisha elfu 50, inabaki 35, ameahidi mwisho wa mwezi, na kwa kuwa anaendelea kulipa jina lake linabaki kwenye kaunta buku tu.

Difu ya nyuma nimeiandikia ifunguliwe tena baada ya kilomita 20,000, au mapema zaidi gari likivuka maji ya kufika ekseli. Kwa mvua za huku sidhani kama tutafika hizo kilomita. Msomaji mwenzangu akipita Ifakara wakati huo, aje. Mwembe upo, na gunia la pili la kulalia nitalifua.

Mwalimu Mstaafu,
Kibaoni, Ifakara